Mlipe shahidi mtaalamu kwa kazi yake, si kwa ushindi wako

MBEGU imenunuliwa dukani, lebo ipo na stakabadhi ipo. Mvua imenyesha kwa wakati na shamba limepandwa kwa nafasi inayotakiwa. Wiki mbili baadaye mapengo shambani ni mengi kuliko miche. Mkulima anarudi kwa muuza pembejeo, naye anamwambia kosa ni lake: amefukia mbegu chini mno, udongo wake umechoka, au mchwa wamekula. Mabishano yanaanzia kwa mtendaji wa kijiji na mwisho wake yanaingia mahakamani.

Hapo ndipo mkulima anapogundua kuwa ukweli anaoujua yeye hautoshi. Hakimu hakuwepo shambani, na hata angekuwepo, yeye si mtaalamu wa mbegu. Anahitaji mtu mwenye ujuzi wa kumweleza kwa nini mbegu haikuota na hasara ya mkulima ni kiasi gani. Mtu huyo ndiye anayeitwa shahidi mtaalamu, na kazi yake ina gharama.

Kulipa si tatizo kubwa kama namna ya kulipa. Mara nyingi makubaliano hufanyika kwa mdomo, chini ya mti, na kumalizika kwa maneno haya: "Mtaalamu, wewe tusaidie, tukishinda hatutakusahau." Wanaosema hivyo wanadhani wamepata nafuu. Kumbe ahadi hiyo inaweza kuwagharimu kesi nzima.

Shahidi huyu ni nani

Shahidi wa kawaida anaeleza alichokiona, alichokisikia au alichokifanya. Haruhusiwi kutoa maoni yake. Shahidi mtaalamu anaruhusiwa, kwa sababu ana elimu au uzoefu ambao hakimu hana. Kwa Tanzania ruhusa hiyo imo katika Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, inayotumika katika mahakama za wilaya, za hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Kenya nayo ina utaratibu unaofanana katika Sheria yake ya Ushahidi, Sura ya 80.

Katika kilimo, wataalamu wa namna hii ni wengi. Kuna wa mbegu, wa udongo, wa viuatilifu, daktari wa mifugo, mpima ardhi na mthamini. Yupo pia mchumi kilimo, ambaye kazi yake ni kupiga hesabu ya mavuno yaliyopotea na thamani yake. Kwa upande wa taasisi, masuala ya ubora wa mbegu yako chini ya TOSCI yenye makao makuu Morogoro. Ya udongo yanashughulikiwa na kituo cha utafiti cha Mlingano mkoani Tanga, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Ya viuatilifu yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), Arusha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina wataalamu wa karibu kila fani hizo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mahakama hailazimiki kukubali maoni ya mtaalamu. Hakimu anayapima pamoja na ushahidi mwingine, na anaweza kuyaweka kando akiona hayaaminiki. Kwa hiyo kitu chochote kinachopunguza imani ya hakimu kwa mtaalamu kinapunguza thamani ya fedha ambayo mkulima amekwisha kuitoa. Katika vitu hivyo, namna ya malipo ni miongoni mwa vya kwanza kuulizwa.

Swali ambalo wakili wa upande wa pili hulisubiri

Mtaalamu akishamaliza maelezo yake, wakili wa upande wa pili husimama kumhoji. Swali linaweza kuwa fupi tu: "Shahidi, ieleze mahakama, kwa kazi hii unalipwa kiasi gani, na utalipwa lini?"

Mtaalamu akijibu kuwa analipwa kwa siku alizofanya kazi, na kwamba ameshalipwa zote, swali limekufa hapo. Kila mtu anajua fundi hulipwa. Lakini akijibu kuwa atapewa asilimia 10 ya fidia endapo mdai atashinda, wakili hana haja ya kuuliza la pili. Shahidi ameshajionyesha kuwa naye ni mbia katika kesi. Kila tarakimu aliyoitaja itaonekana imeongezwa ili fungu lake likue.

Ndiyo maana kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi zenye mahakama za mfumo wa Kiingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, ni kwamba wajibu wa kwanza wa mtaalamu ni kwa mahakama, si kwa anayemlipa. Anayelipa ananunua muda na ujuzi wa mtaalamu. Hanunui jibu.

Mfano mmoja uliojulikana sana ulitokea Uingereza. Wenye meli za uvuvi kutoka Hispania waliishitaki Serikali ya Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1988 kuwazuia kuvua chini ya bendera ya nchi hiyo. Kesi ilichukua miaka mingi na fedha zikawaishia. Wakakubaliana na kampuni ya wahasibu iwasaidie kuandaa hesabu za hasara kwa malipo ya asilimia 8 ya fidia itakayopatikana. Baadaye serikali ilipinga makubaliano hayo. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa iliyakubali, lakini kwa sababu maalumu: wahasibu hao walifanya kazi ya nyuma ya pazia, na maoni ya kitaalamu mbele ya mahakama yalitolewa na wataalamu wengine waliojitegemea. Mahakama hiyo ilieleza kuwa itakuwa nadra sana kumkubali shahidi mtaalamu ambaye malipo yake yanategemea ushindi.

Funzo kwa mkulima ni rahisi. Anayesaidia kupanga makaratasi na kukusanya takwimu ni mtu mmoja, na anayepanda kizimbani kutoa maoni ni mwingine. Huyo wa pili asiahidiwe sehemu ya ushindi.

Kianzio kina aina zake

Wataalamu wengi huomba fedha ya awali kabla ya kuanza kazi. Wakulima wengine huliona hilo kama tamaa, lakini lina sababu. Kesi huweza kuchukua miaka, na aliyeshindwa huwa mgumu kulipa hata deni la halali. Isitoshe, mtaalamu anayedai fedha siku anayotoa ushahidi anaweza kudhaniwa anasema ya kumpendeza mdeni wake ili alipwe. Kwa hiyo malipo ya mapema yanamlinda mtaalamu, na yanaulinda ushahidi pia.

Hata hivyo, neno kianzio hutumika kwa mambo matatu tofauti, na mkulima aulize ni lipi kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni fedha ya kumshika mtaalamu, yaani anakubali kuwa wenu na kutomfanyia kazi mpinzani wenu. Fedha hii kwa kawaida hairudi, hata kama kesi itaisha kesho yake kwa suluhu. Makampuni yenye uwezo huweza kuitumia kuwashika mapema wataalamu wachache waliopo katika fani fulani, kiasi kwamba mkulima akienda kwao anaambiwa, "Samahani, tayari nina upande." Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtaalamu lisiwe la bei. Liwe hili: je, umewahi kufanya kazi au kulipwa na upande ule mwingine?

La pili ni amana inayokatwa. Mkulima anaweka kiasi fulani, na mtaalamu anakata kadiri anavyofanya kazi, huku akitoa hesabu ya siku na shughuli. Kazi ikiisha mapema, kilichobaki kinarudishwa. Kwa wakulima wadogo na vyama vyao, aina hii ndiyo salama zaidi.

La tatu ni malipo ya hatua ya kwanza. Kazi imegawanywa, na kila hatua inalipiwa kabla haijaanza. Hatua ikikamilika, pande zote mbili zinaamua kama ziendelee.

Ubaya hauko katika aina yoyote kati ya hizo. Ubaya ni kutoa fedha bila kujua ni ya aina gani, kisha kesi inaisha kwa suluhu, mmoja anadai kurudishiwa na mwingine anasema ilikuwa haki yake.

Hesabu kabla ya kwenda mahakamani

Kabla ya kumtafuta mtaalamu, mkulima ajiulize kama kesi yenyewe inalipa. Tuchukue mfano wa wakulima 10 wa mahindi, kila mmoja akiwa na ekari tatu, walionunua mbegu moja kutoka duka moja. Bei na viwango vilivyo katika mfano huu ni vya kufanyia hesabu tu, si bei elekezi.

Tuseme kila ekari ilitarajiwa kutoa magunia 12 na imetoa matatu. Pengo ni magunia tisa. Gunia likiuzwa Sh60,000, mauzo yaliyopotea ni Sh540,000 kwa ekari. Hapa wengi husimama na kudai kiasi hicho chote. Lakini mkulima ambaye hakuvuna hakulipa pia wavunaji, wapukuchuaji, magunia wala usafiri. Kama gharama hizo ni Sh8,000 kwa gunia, ameepuka Sh72,000 kwa ekari. Hasara halisi inabaki Sh468,000 kwa ekari, sawa na Sh1,404,000 kwa kila mkulima na Sh14,040,000 kwa wote 10. Mdai asiyetoa gharama alizoepuka humpa mpinzani nafasi ya kusema hesabu yote ni ya kubuni.

Sasa upande wa mtaalamu. Tuseme anatoza Sh150,000 kwa siku. Siku mbili ni za kukagua mashamba na kuchukua sampuli, tatu za kuandika ripoti, moja ya maandalizi na wakili, na mbili za mahakamani. Jumla ni siku nane, yaani Sh1,200,000. Vipimo vya maabara ni Sh200,000. Nauli, malazi na chakula kwa safari tatu, kila moja Sh120,000, ni Sh360,000. Jumla kuu inafika Sh1,760,000. Ikigawanywa kwa watu 10, kila mmoja anatoa Sh176,000, sawa na asilimia 12 na nusu ya hasara yake.

Hata hivyo, kulinganisha gharama na hasara peke yake hakutoshi, kwa sababu ushindi hauna uhakika. Tuseme bila mtaalamu wana nafasi moja kati ya tano ya kushinda, na wakiwa naye wana nafasi moja kati ya mbili. Bila mtaalamu, matumaini yao kwa fedha ni Sh2,808,000. Wakiwa naye ni Sh7,020,000. Tofauti ni Sh4,212,000, na wanainunua kwa Sh1,760,000. Hapo mtaalamu analipa.

Lakini tumchukue mkulima mmoja peke yake. Hata siku za ukaguzi zikipungua kuwa moja, gharama yake inabaki Sh1,610,000, kwa sababu ripoti ni ileile, maabara ni ileile na safari ni zilezile. Hasara yake ni Sh1,404,000. Hata akishinda shauri, gharama ya mtaalamu imezidi alichokidai, na bado hajahesabu wakili na siku zake mwenyewe. Kwa viwango vya mfano huu, hesabu inaanza kukubali wakulima wakifika watano.

Umoja hapa una faida ya fedha. Wanaotaka kudai kwa pamoja wamuulize wakili mapema kuhusu utaratibu wa watu wachache kuwawakilisha wengine mahakamani, maana kesi iliyofunguliwa bila kibali kinachotakiwa inaweza kutupwa kabla mtaalamu hajasikilizwa.

Lipeni kwa hatua

Wakulima walewale 10 hawana sababu ya kutoa Sh1,760,000 kwa siku moja. Njia bora ni kugawa kazi katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi na maoni ya awali: siku mbili za shambani, safari moja na maabara, Sh620,000. Kwa watu 10 ni Sh62,000 kila mmoja. Mwisho wa hatua hii mtaalamu anawaambia waziwazi kama wana kesi au hawana. Akisema mbegu ilikuwa nzima ila ilifukiwa chini mno, habari hiyo ni chungu, lakini imewaokoa na miaka ya kwenda mahakamani. Asinyimwe malipo kwa sababu ametoa jibu lisilopendeza. Wakifanya hivyo hawatapata tena jibu la kweli kwa mtu yeyote.

Hatua ya pili ni ripoti ya maandishi: siku tatu, Sh450,000. Nusu ilipwe mwanzoni na nusu siku ya kukabidhiwa. Ripoti nzuri inaweza kumaliza mgogoro hapohapo, kwa sababu muuza mbegu akiiona huweza kuona afadhali alipe kuliko kuburuzana.

Hatua ya tatu ni mahakamani: siku tatu za maandalizi na ushahidi, pamoja na safari mbili, Sh690,000. Hii ilipwe yote kabla ya siku ya kutoa ushahidi, ili mtaalamu apande kizimbani hadai mtu.

Mkulima aliye peke yake naye ana njia. Anaweza kununua hatua ya kwanza tu, kwa siku moja ya shamba na siku moja ya kuandika maoni mafupi, kisha ayapeleke mezani kwa mazungumzo. Kwa viwango vya mfano huu ni Sh620,000 ileile, chini ya nusu ya hasara yake.

Muda nao ni fedha. Mbegu isiyoota huoza, na shamba likishapandwa upya ushahidi umekwenda. Kwa hiyo wakulima wasingoje kesi ifunguliwe ndipo wachangishane kianzio. Siku dosari inapoonekana, watunze pakiti zenye lebo na namba ya shehena, mabaki ya mbegu, stakabadhi, na wamwite afisa ugani aone na kuandika. Mtaalamu anayeitwa baada ya mavuno anabaki kusoma makaratasi.

Tahadhari ya kesi kuahirishwa

Gharama inayowashangaza wengi ni ya kesi kuahirishwa. Mtaalamu amesafiri kutoka Morogoro, amelala nyumba ya wageni, asubuhi hakimu yuko kwenye kikao kingine au wakili wa upande wa pili anaumwa. Kesi inapangiwa mwezi ujao. Je, siku hiyo inalipwa?

Kama haikuandikwa, ugomvi ni lazima. Mpango unaoweza kukubalika kwa pande zote ni kwamba ahirisho likijulikana siku tatu kabla, hakuna malipo. Likijulikana akiwa tayari amesafiri, analipwa nauli, malazi na nusu siku. Wakulima nao waweke akiba ya angalau siku mbili za namna hiyo. Katika mfano wetu, kila ahirisho la ghafla ni Sh195,000.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 ya Tanzania, katika Amri yake ya 16, inamtaka anayeomba shahidi aitwe kuweka mahakamani fedha za kutosha kwa safari na matumizi ya shahidi huyo. Kwa shahidi mtaalamu, mahakama inaweza kuruhusu malipo ya kadiri kwa muda aliotumia kutoa ushahidi na kwa kazi ya kitaalamu iliyohitajika katika kesi. Kenya ina kanuni ya aina hiyohiyo. Maana yake ni kwamba malipo ya mtaalamu si jambo la kuficha. Sheria yenyewe inayatambua.

Bwana shamba wa serikali asipewe fedha mkononi

Si kila mtaalamu ni wa kulipwa binafsi. Afisa ugani, daktari wa mifugo wa halmashauri au mkaguzi wa taasisi ya umma aliyeshughulikia tatizo akiwa kazini ni mtumishi wa umma. Anayetaka ushahidi wake aombe mahakama imwite kwa hati ya wito, na posho yake ifuate utaratibu wa mahakama na wa mwajiri wake. Ada ya vipimo ilipwe kwa taasisi, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na stakabadhi itolewe.

Kumpa fedha kando "ya chai" ili aandike ripoti inayopendeza ni rushwa kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Zaidi ya hilo, ripoti hiyo ikijulikana ilivyopatikana, kesi imekwisha.

Fidia ya ardhi nayo ina hesabu zake

Mahali pengine mtaalamu anapohitajika sana ni pale ardhi inapotwaliwa kwa barabara, mradi au mgodi. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania zinataja mafungu ya fidia: thamani ya ardhi na maendelezo yasiyokwisha manufaa, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na faida iliyopotea. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba kwa mwezi mara miezi 36. Ya usafiri inahesabiwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Mkulima asiyejua mafungu haya huangalia miti na mazao tu, akasaini.

Anayeona ametathminiwa chini anaweza kutafuta mthamini mwingine aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Katika kazi za kawaida, kama mkopo wa benki, mthamini huweza kutoza kwa asilimia ya thamani ya mali. Katika mgogoro, mkulima aombe bei maalumu au bei ya siku. Mthamini ambaye malipo yake yanapanda kadiri thamani inavyopanda ataulizwa lilelile swali la wakili.

Mambo ya kuandikwa katika mkataba

Mkataba hauhitaji kurasa nyingi. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, ukiwa na mambo haya:

1. Nani anamwajiri mtaalamu: mkulima, kikundi au wakili, na nani hasa atalipa. Wengi hudhani wakili ndiye mlipaji, na wakili anadhani ni mteja.

2. Kazi yenyewe: maswali gani mtaalamu anatakiwa kuyajibu.

3. Bei kwa siku au kwa saa, na kama siku ya safari inahesabiwa nzima au nusu.

4. Kianzio ni kiasi gani, ni cha aina gani, na kinarudi lini.

5. Nauli, malazi, chakula na maabara: nani analipa na ukomo wake.

6. Malipo ya ahirisho, na ya kesi kuisha kwa suluhu.

7. Kwamba malipo hayategemei matokeo ya kesi wala maoni atakayoyatoa.

8. Kwamba mtaalamu hana maslahi na upande wa pili.

9. Kwamba kazi ikielekea kuzidi makadirio, mtaalamu atawaarifu kabla ya kuendelea.

10. Hesabu na stakabadhi kwa kila malipo.

Chama cha ushirika au kampuni inayomlipa mtaalamu iulize pia ofisi ya kodi kuhusu kodi ya zuio, ili fedha ya kukatwa isije ikadaiwa chama baadaye.

Gharama zinaweza kurudi

Aliyeshinda kesi ya madai kwa kawaida huweza kupewa gharama zake na aliyeshindwa. Lakini hazirudi zenyewe. Kwa Tanzania, kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015 zinampa aliyepewa gharama siku 60 tangu amri hiyo kuwasilisha orodha ya gharama ili ikaguliwe. Mkaguzi anaweza kupunguza anachokiona kimezidi, na kisicho na stakabadhi kina nafasi ndogo ya kupita. Mkulima aliyelipa kwa mkono bila karatasi amelipa moja kwa moja.

Ndiyo maana katibu wa kikundi anapaswa kuwa na jalada moja lenye mkataba, stakabadhi, tiketi za basi na hesabu ya siku za mtaalamu. Jalada hilo ndilo litakalotolewa siku wakili wa upande wa pili atakapouliza mtaalamu amelipwa nini. Ndilo pia litakaloombwa na mkaguzi wa gharama, iwapo wakulima watashinda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kesi nayo ni hivyohivyo. Wakulima waliokaa na mtaalamu, wakakubaliana bei ya siku zake, wakaiandika na kuilipa kabla hajaingia mahakamani, wanaweza bado kushindwa. Lakini hawatashindwa kwa sababu ya ahadi iliyotolewa chini ya mti.